Kisigino Mara Mbili

Kambi ya Barabara
6 Januari

Dada,

Salamu nitakutumia siku nikiwa na furaha. Leo sina.

Zambarau wetu wamemuuza Kombora. Na wamemuuza kwa nani? Kwa Machungwa! Dada, kwa Machungwa! Mabao kumi na tisa msimu uliopita, mtu ambaye akigusa mpira hata mbwa wa mtaani anasimama, tumemchukua kwa mikono yetu tukawapelekea majirani. Na unajua tumepewa nini kwenye kubadilishana? Babu. Yule kipara wa miaka thelathini na nne ambaye Machungwa wenyewe walimweka benchi mpaka benchi likamzoea. Galasa! Viongozi wetu wanasema eti amekuja na uzoefu. Uzoefu wa nini, wa kukaa?

Nimeyasikia haya kwenye redio ya msimamizi, maana huku simu kazi yake ni kunionyesha saa tu. Msimamizi, kama unavyojua, ni Machungwa wa kutupwa. Alipandisha sauti, akawaita watu wote waliokuwa wanamwaga lami waje wasikilize. Kisha akaniletea chai. Yeye mwenyewe! Ulishaona wapi bosi anamletea kibarua chai? Niliimwaga mbele yake.

Miaka mitatu nimevaa kizibao cha usalama nikiwa nimekigeuza ndani nje, kisa rangi yake ni ya machungwa. Nimekatwa posho, nimefokewa, nimechekwa. Nilikuwa navumilia kwa ajili ya Zambarau. Leo Zambarau wamenivua nguo hadharani.

Basi, ndani ya bahasha hii utaikuta kadi ya uanachama ya marehemu baba, namba kumi na moja. Ipeleke kwa katibu wa klabu. Kutoka chumba chako cha kufulia hadi mlango wake ni hatua ishirini, huna kisingizio. Mpe mkononi, usiitupie kwenye sanduku la barua. Mwambie mtoto wa seremala aliyepigilia benchi zao amewarudishia kadi yao, na hataki kuisikia tena.

Nduguyo,
Mwenyekiti wa Tawi la Kambi ya Barabara
(wanachama tisa; jana tulikuwa kumi na wawili)


Chumba cha kufulia
11 Januari

Mdogo wangu,

Dereva wa lori la saruji ameniletea barua yako. Anasema ulimkabidhi bila hata kumsalimia. Hayo ndiyo malezi niliyokupa? Ukimwona tena umwombe radhi, maana bila yeye mimi na wewe tungekuwa tunapigiana kelele kila mtu na mlima wake.

Hapa hali ni mbaya, sikufichi. Watu wako nje ya geti tangu juzi wanaimba viongozi watoke. Ukuta wote umeandikwa matusi, mengine hata sikuyajua. Katibu amejifungia ofisini, anapitishiwa maji dirishani. Mimi niko hapa chini ya jukwaa, nimeinama juu ya beseni, maana wakigombana au wakipatana, soksi hazijifui.

Sasa nisikilize, wewe mwenye kichwa kigumu. Ukitaka kumjua mchezaji, usimuulize mtangazaji. Niulize mimi. Huu ni mwaka wa kumi na saba nafua jezi za klabu hii. Najua nani anakimbia na nani anajifanya anakimbia. Babu alianza mazoezi juzi. Jezi yake ya siku ya kwanza niliirudia kwenye sabuni mara mbili. Nyasi kiwiko cha kulia, nyasi kiwiko cha kushoto, na pajani kuelekea kiunoni doa la udongo pana kama sahani, lililoshika mpaka nikalisugua kwa brashi. Soksi usiseme. Kombora, kijana wa watu, mwezi wake wa mwisho hapa bukta zake nilikuwa nazisuuza tu na kuzianika.

Yapo ninayoyaona humu ambayo si yangu kuyasema. Nitaishia hapo, na usinichokonoe.

Kadi nimeiweka kwenye kopo la vibanio, chini kabisa. Nilipoishika nilimkumbuka baba. Benchi lake, la tatu kwenye nguzo ya pili, liko juu ya kichwa changu hapa nilipo. Unakumbuka alivyokuwa akinipa habari za mechi? Kisigino kwenye ubao: mara mbili tumefunga, mara moja tumefungwa. Mimi huku chini nina povu hadi mabegani, naruka peke yangu. Tangu kadi iende kwako, sikumbuki kama nimesikia kisigino zaidi ya mara mbili tatu. Ukija uwanjani unakuwa umesimama unawatukana viongozi, unasahau kuna mtu chini.

Baba alishasema tangu zamani kadi itakuwa yako, kwa sababu mimi nitaolewa nihamie Machungwa. Nikaolewa na Machungwa kweli, shemeji yako huyu. Lakini sikuhama, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Fikiri tena kuhusu kadi. Nasubiri neno lako.

Dada yako


Kambi ya Barabara
16 Januari

Dada,

Nilijua! Nilipofika pale ulipomsifia Babu nikawaambia wenzangu, hii si kalamu ya dada, hapa shemeji kakaa pembeni anaamrisha. Miaka kumi na saba unakula meza moja na Machungwa, leo unaniambia nimpende galasa lao kwa sababu jezi yake ni chafu. Dada, hata nguruwe ni mchafu, tumsajili?

Na hayo usiyoweza kusema ni yapi? Ninyi wa ndani mna siri, sisi wa nje tuna presha. Kama unajua kitu kuhusu Kombora sema. Kama hujui, usinitingishie kibiriti kisicho na njiti.

Juzi msimamizi alinikuta nimekaa na wanachama wangu (tumebaki saba) akaanza tena. Nikashindwa kujizuia. Tumewekeana ahadi mbele ya kambi nzima. Mechi ya tarehe 8 Februari, Machungwa wakishinda, nitavaa kizibao changu sawasawa, rangi nje, mpaka barabara hii iishe. Zambarau tukishinda, yeye atapaka kofia yake ngumu rangi ya zambarau na ataivaa hata siku wakaguzi wakija. Usinigombeze, nimeshasema. Najua tutafungwa. Nilisema tu kwa uchungu.

Unaniambia nifikiri tena. Nimefikiri nikishika koleo, nimefikiri nikila, nimefikiri nikioga. Rudisha kadi. Rudisha leo hii. Unataka niiandike mara ngapi? Kadi ya watu wanaouza mwana wao wakaleta babu wa majirani haiwezi kukaa kwetu. Hilo benchi akae anayelitaka.

Mwenyekiti


Chumba cha kufulia
20 Januari

Mdogo wangu,

Nimefanya ulivyoagiza. Leo saa nne asubuhi nimeikabidhi kadi namba kumi na moja kwa katibu, mkononi, si kwenye sanduku. Nimemwambia maneno yako yote, hata lile la mtoto wa seremala. Alivua miwani, akaifuta, akaniuliza kama una hakika. Nikamwonyesha barua yako.

Shemeji yako hajui hata kama tunaandikiana. Yeye na mimi siku za mechi hatuongei, hilo ndilo limetufikisha miaka kumi na saba.

Jezi ya Babu leo nimeifua mara tatu.

Dada yako


Kambi ya Barabara
2 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Dereva nimemsalimia, nimemuuliza na hali ya watoto wake, na nimemsaidia kushusha mifuko. Muulize akifika.

Hujaniandikia tangu tarehe 20. Najua umekasirika. Nilikuandikia vibaya. Yale ya shemeji hayakuwa maneno ya kumwambia dada aliyenibeba mgongoni. Nisamehe.

Nimesikiliza mechi tatu zilizopita kwenye redio ya msimamizi, mlango wa kontena ukiwa wazi. Tumeshinda mbili, tumetoka sare moja. Kila mtangazaji anapokosa pumzi, jina ni lile lile: Babu, Babu, Babu. Mechi ya juzi amekimbiza mpira uliokuwa unatoka, akaurudisha, tukafunga. Wenzangu wakanitazama. Nikajifanya nafunga kamba za buti. Doa la udongo uliloniandikia nilikuwa naliona mbele ya macho.

Sasa kuna jambo. Najua uliandika kwamba umeikabidhi kadi. Lakini nakufahamu, wewe mtu akikuudhi unaweza kumwacha aumie kidogo ndipo umwambie ukweli. Niambie ulikuwa unanikomoa. Niambie kadi iko kwenye kopo la vibanio chini kabisa. Baba aliichovya kwenye chai kwa bahati mbaya mwaka ule tulipopanda daraja, ile pembe yake ikabaki na rangi ya kahawia. Kila nikifumba macho naiona hiyo pembe. Miaka yote hii nimekuwa nayo mfukoni, nimekaa kwenye lile benchi mara nne tu, na mara zote nne nilikuwa nimekasirika.

Kama iko kwa katibu kweli, mwambie nilikuwa na homa. Mwambie chochote.

Mdogo wako


Chumba cha kufulia
9 Februari

Mdogo wangu,

TUMESHINDA. Mbili kwa moja. Najua ulisikia, lakini hukuona, na mimi NILIONA. Kaa chini. Kama unashika koleo, liweke.

Shemeji yako asubuhi ya jana aliondoka na skafu yake shingoni, anapiga mluzi. Nilimpigia pasi mimi mwenyewe ile skafu. Nikamwambia uende salama, baba watoto, machozi utayafutia hiyo hiyo. Akacheka. Sasa hivi ninapoandika yuko chumbani, amejifunika shuka, anasema kichwa kinamuuma.

Machungwa walianza. Dakika ya kumi na mbili, kona, kichwa, wavu. Uwanja ukawa kimya upande wetu, upande wao moshi na ngoma. Dakika ya ishirini na sita Kombora akachukua mpira, akageuka, akakaa chini. Hakuna aliyemgusa. Alikaa tu, ameshika goti, akainua mkono. Wamemtoa kwa machela.

Sasa naweza kusema, maana daktari wao ametangaza mwenyewe. Lile goti lilikuwa bovu tangu mwezi wa kumi. Kila baada ya mazoezi Kombora alikuwa akiniletea bandeji kwenye mfuko mweusi, nizifue mbali na za wenzake, zisionekane. Aliniambia, mama, wakijua, nimekwisha, na nina watoto wawili. Ningefanyaje? Nilimwambia mara tatu aende kwa daktari. Alikuwa ananiitikia tu. Siri haikuwa yangu, nikaishika, hata pale uliponiita kibaraka wa shemeji. Alipopita kwenye machela niliumia, sikufichi. Ni kijana mzuri. Atapona, wamesema miezi sita.

Na usije ukawapigia viongozi makofi. Wanatembea vifua mbele leo, eti walipanga. Hawakujua lolote! Walitaka kumuuza, wakauza. Machungwa nao walikuwa na haraka ya kupiga naye picha wakasahau kumpima. Ni bahati tupu, bahati ya mjinga kukutana na mjinga mwenzake.

Turudi uwanjani. Dakika ya hamsini na nane Babu akaweka mpira kwenye nafasi ambayo mimi sikuiona, winga wetu akaiona, moja moja. Kisha tukasubiri. Kila mtu ananyonya vidole. Dakika ya themanini na nane, mpira mrefu, umekwenda, unatoka. Beki wao ameuacha. Kipa wao anaufuata kwa mwendo wa harusi. Mimi nikamwona Babu anakuja, kichwa kile kinang'aa kwa jasho, na nikajua atafanya nini kabla hajafanya. Akajirusha. Paja la kulia, kiuno, kiwiko, akateleza kwenye ule udongo wa pembeni karibu mita tatu, akaupiga mpira akiwa amelala, ukampita kipa, ukagonga mlingoti, ukaingia.

Mwezi mzima nimelisugua lile doa. Jana ndiyo nimeona linavyopatikana.

Utaniuliza, dada, umeonaje, wewe siku za mechi si uko chini? Basi soma polepole. Tarehe 20 nilimpa katibu kadi kama ulivyoniagiza. Akafungua kile kitabu chao kikubwa, akakata jina lako kwa rula. Kisha akaniambia kadi ya mwanachama wa mwanzo ikirudishwa, mtoto mwingine wa mwenye kadi anaweza kuiomba, kama yupo. Akaniuliza, yupo? Mikono yangu ilikuwa bado na povu. Nikamwambia yupo, andika. Akaniuliza niandike nani, na miaka kumi na saba ananiona kila siku! Nikamwambia andika mimi.

Jana nimefunga chumba, nikatia ufunguo mfukoni, nikapanda ngazi. Nilikaa benchi la tatu, nguzo ya pili, pale pale mbao ilipochakaa. Hakuna aliyenitoa. Mzee mmoja wa benchi la nne akaniambia, wewe ni wa seremala, umekaa kama yeye. Goli la pili lilipoingia watu walikuwa wanakumbatiana na kuangushana, mimi nikajikuta nimekaa, napiga ubao kwa kisigino. Mara mbili. Nikarudia tena mara mbili. Chini hakukuwa na mtu, najua. Nililia mpaka yule mzee akanipa leso yake.

Umeniomba nikurudishie. Nimeisoma barua yako na imeniuma, na nakupenda, na jibu ni hapana. Uliirudisha mwenyewe. Mimi sijaiba, nimeiokota mlangoni.

Dada yako,
Mwanachama namba kumi na moja


Kambi ya Barabara
12 Februari

Dada,

Nakuandikia nikiwa nimekivaa kizibao sawasawa, rangi nje. Siku ya nne leo. Hata kunguru wa huku wananishangaa.

Jumapili tulikusanyika kontenani kwa msimamizi. Ikawa moja moja, Kombora ameshatoka, nikaanza kuota. Dakika ya themanini msimamizi akasema betri zimekwisha, akatutoa nje, akafunga mlango. Baada ya robo saa akatoka anacheka, akainua vidole viwili mkono huu, kimoja mkono ule. Mbili moja, akasema, haya, geuza kizibao. Nikageuza mbele ya watu wote. Wanachama wangu wawili wakalia. Tawi tumelivunja rasmi.

Sina nguvu ya kuandika mengi. Naona hata Babu wa watu amejitahidi bure. Kuhusu kadi, labda baba ameamua mwenyewe isiwepo kwenye familia hii siku ya aibu kama

Dereva amefika. Ana barua yako. Anapiga honi tangu kwenye kona na anacheka peke yake. Subiri.


Dada! DADA!

Mwongo yule! Mbili moja alisema, hakusema nani kwa nani! Nimetoka nje na barua yako, nimepanda juu ya mifuko ya saruji, nimeisoma kwa sauti kuanzia TUMESHINDA. Lami ilipoa kwenye toroli, hakuna aliyeijali. Nilipofika kwenye mlingoti mpishi alitupa mwiko juu, mpaka sasa hatujui umeangukia wapi. Msimamizi alijaribu kuingia kwenye gari. Wamemtoa kwa heshima. Fundi rangi wa alama za barabarani alikuwa na bluu na nyekundu, akazichanganya hapo hapo, na kofia imepakwa matabaka mawili. Wakaguzi wanakuja Jumatatu. Kizibao nimekigeuza ndani nje mbele yake, polepole, kifungo kimoja kimoja, na yeye akiwa ameshikilia pindo la kizibao ili nisianguke kwenye mifuko. Tawi limefufuka. Tuko kumi na tisa, na mmoja alikuwa Machungwa hadi jana.

Mwisho wa barua sikuusoma kwa sauti. Nilishuka, nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikausoma peke yangu. Kwanza nilikasirika. Usiseme sikukasirika, nilipiga tangi teke na kidole kimevimba. Nikasema huyu amenizunguka, dada yangu wa tumbo moja. Kisha nikarudi pale kwenye kisigino. Nikasoma tena. Nikajaribu kukumbuka hizo mara nne nilizokaa pale, kama hata mara moja niliwahi kujiuliza unasikia nini huko chini. Sikuwahi, dada. Nilikuwa na kadi mfukoni na wewe ulikuwa na klabu mikononi, unaifua kila siku.

Baba alikosea, na mimi nilikosea zaidi, maana yeye angalau alikuwa akikugongea. Kadi ni yako. Na ile pembe ya chai usiisugue, najua mikono yako.

Likizo yangu ni mwezi wa tatu, na nimeona kuna mechi Zambarau wako nyumbani. Usinitafutie tiketi. Niachie ufunguo wa chumba cha kufulia. Nitakaa kwenye beseni lililopinduliwa chini ya nguzo ya pili, nitakunja soksi, na za Babu nitazifua mwenyewe mara tatu. Wewe panda ngazi, ukakae kwako.

Ila usinisahau kama nilivyokusahau mimi. Nitakuwa chini, nimenyamaza, nasikiliza kisigino.

Mdogo wako